Nukta Isiyo na Tarehe

Wifi alitia sahihi kwa nguvu mpaka ncha ya kalamu ikatoboa karatasi.

“Ongeza na hili,” alisema, akiisukuma karatasi irudi kwa mpelelezi. “Sitaki suluhu. Wasije ndugu hapa na habari za kuyamaliza nyumbani. Aliyemlisha mdogo wangu kilichomuua, awe nani, afungwe mpaka asahau jua linachomoza wapi. Si mnasema sheria ni msumeno?”

“Ndivyo wanavyosema,” alijibu mpelelezi. Akaiandika sentensi ile neno kwa neno, akamrudishia aisaini nayo. Wifi akasaini, tarehe hakuweka. Mpelelezi aliiona nafasi ile tupu, lakini simu ilikuwa inalia.

Kituo kizima kilimwita mpelelezi huyo Koleo. Jina alipewa na wezi, wenzake wakalidaka, naye hakulikataa kwa sababu lilisema kweli: akishika haachii. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini kasoro, asiyependa watu wanaolia kwa sauti kubwa huku wakichungulia kuona nani anawatazama. Wifi alikuwa amelia hivyo asubuhi nzima.

Faili lilikuwa la Bwana Mifugo, ofisa wa kutibu na kukagua ng'ombe, aliyefariki Jumamosi jioni. Wifi alikuwa dada yake mkubwa. Mke wa marehemu ndiye aliyemwita wifi, lakini neno hilo lilijaa katika maelezo ya kila shahidi mpaka Koleo naye akalizoea.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Miaka miwili nyuma, Bwana Mifugo aling'atwa na kupe kazini, na tangu hapo mwili wake ukakataa chochote cha mnyama anayenyonyesha: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe. Kuku na samaki hawakumdhuru. Jumamosi mkewe akiwa kazini, Wifi alikuja kumwona, akampikia supu ya kuku. Ndugu yake akala saa saba mchana, kwa mkate, kisha akamsindikiza dada yake mpaka kituo cha basi. Saa kumi mkewe akampa samaki na viazi. Saa kumi na moja na nusu uso ukamvimba na koo likaziba. Saa moja jioni alikuwa maiti.

“Changu alikula akacheka,” Wifi alikuwa amesema. “Chake alikula akafa. Hapo kuna fumbo gani?”

Mkuu wa kituo naye hakuona fumbo. Alitaka mjane afikishwe mahakamani kesho asubuhi. Na Wifi hakungoja kesho. Alikwisha kumchukua binti wa marehemu, mtoto wa miaka sita, akisema damu yao hailali nyumba moja na muuaji. Siku ya nne hiyo mjane hajamtia mwanawe machoni.

Koleo akanyanyua simu. Alikuwa daktari wa mzio aliyemtibu marehemu.

“Afande, huyo samaki msahau,” daktari alisema kabla hata ya salamu.

“Kwa nini nimsahau? Ndiye chakula cha mwisho.”

“Ndiyo maana. Mtu mwenye mzio wa karanga hushikwa angali mezani. Huu wa kupe hauna haraka. Mtu anakula, anashiba, anaoga, anapiga soga. Masaa matatu mpaka sita yakipita, ndipo mwili unaamka. Wagonjwa wangu karibu wote huja wakikilaumu chakula kisicho na kosa.”

Koleo akahesabu kwa vidole chini ya meza. Kutoka saa kumi na moja na nusu, kurudi nyuma masaa matatu mpaka sita: saa tano na nusu mpaka saa nane na nusu mchana. Katikati ya muda huo marehemu alikula mara moja tu. Koleo akamtazama Wifi, aliyekuwa anajifuta macho makavu kwa kitambaa.

“Kuku anaweza kufanya hivyo?”

“Kuku mtupu hawezi. Tafuta kilichopikwa naye. Kwa mgonjwa yule, kijiko cha mafuta ya ng'ombe kilitosha. Alishaponea chupuchupu mara mbili.”

“Niandikie hayo yote, daktari. Utie na muhuri.”

*

Mjane alifungua mlango akiwa amevaa khanga mbili, moja kiunoni, moja kichwani. Alikuwa karani wa shule, mtu wa mafaili, na hata msiba haukumvurugia nyumba yake. Hakuwa amelia. Koleo alilitambua hilo mara moja, akajua pia kwamba majirani wameshalitambua na wameshalisema.

“Machozi ninayo, afande,” mjane alisema, kana kwamba ameulizwa. “Nimeyaweka. Kwanza nimjue aliyeniulia mume wangu, halafu nitalia.”

“Nionyeshe kabati la chakula.”

Walitoa kila kitu, wakakipanga mezani juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua: paketi, makopo, maboksi, chupa. Karibu kila kimoja kilikuwa na nukta ya kijani, ndogo kama punje ya mtama, na chini ya nukta tarehe iliyoandikwa kwa kalamu. Mjane akaleta chupa ya rangi ya kucha na daftari la mistari.

“Yeye maandishi madogo hakuyaona, na miwani aliipoteza kila wiki. Nikamwambia: ukiona nukta, kula. Usipoiona, hata kama nimekupa mimi, usile.”

“Na tarehe?”

“Viwanda vinabadilisha mapishi, afande. Biskuti ya mwezi huu siyo ya mwezi uliopita. Kila paketi inayoingia hapa naisoma upya, hata kama ni dada wa ile ya jana. Nisipoelewa, napiga simu kiwandani. Nikishajibiwa ndiyo naweka nukta, naandika na siku.”

Koleo akafungua daftari. Mwandiko ulikuwa mdogo, umenyooka. *Biskuti za chai. Nimepiga. Dada wa simu anasema hazina nyama. Nimemwambia sijauliza nyama, nimeuliza mafuta. Ameenda kuuliza. Ya mawese. Sawa.* Chini yake: *Mchuzi wa kopo. Kaka anasema hauna nyama. Nimemwambia sijauliza nyama. Amekata simu. Hapana.*

Koleo alicheka bila kutaka.

“Wote hujibu hivyo,” mjane alisema. “Mtu akisikia nyama anaona kipande kwenye sahani. Mafuta kwake si nyama, supu si nyama, jelatini hajui hata inatoka wapi. Na kuku si nyama, ni kuku. Marehemu mwenyewe alianza hivyohivyo, na ng'ombe kawasomea miaka minne.”

Koleo akavaa glavu. Akasoma kila kitu kwa sauti, mjane akijibu. Pipi laini za mtoto: zina jelatini, ya ngozi na mifupa, hazina nukta, zinakaa rafu ya juu. Vidonge vya vitamini: ganda lake ni jelatini hiyohiyo; vimepigwa msalaba wa wino. Maziwa ya unga: wengine wenye mzio huu hayawadhuru, yeye yalimwasha, hayana nukta. Kazi ilikwenda polepole, na Koleo aliipenda kwa sababu ilifanana na yake. Huamini picha, huamini jina. Unageuza paketi unasoma nyuma.

Wakafika kwenye kopo la majarini.

“Mkate wa Jumamosi mchana alipaka hii?”

“Hiyo.”

Nukta ilikuwepo. Tarehe ilikuwepo. Lakini juu ya kifuniko, kwa herufi nyekundu zilizopinda, palikuwa pameandikwa: *Sasa Laini Zaidi!*

Mjane alilitazama neno lile, akakaa.

“Hilo sikuliona,” alisema. “Nilikuwa nimechoka siku hiyo. Nilisoma nyuma, juu sikusoma. Afande, wamebadilisha. Wamebadilisha na mimi nikaweka nukta.” Akajishika mdomo. “Basi ni mimi. Wifi anasema kweli, ni mimi.”

“Ngoja kwanza.”

Namba ya kiwanda ilikuwa ubavuni mwa kopo. Koleo alisikilizishwa muziki, akahamishwa mara mbili, mwishowe akampata mzee wa ghala aliyemhakikishia kwamba majarini yao haina nyama kabisa.

“Sijauliza nyama, mzee wangu,” Koleo alisema. “Nimeuliza mafuta.”

“Aa, mafuta! Mawese na alizeti, mama. Kilichoongezwa ni maji tu, ndiyo huo ulaini. Tangu niajiriwe hapa, mnyama pekee aliyeingia kiwandani ni paka wa mlinzi, na yeye hatumkamui.”

Koleo alimshukuru, akamwambia mjane jibu lile. Mjane aliegemeza paji la uso kwenye ukingo wa meza, akakaa hivyo kitambo, kisha akainuka na kuendelea kutoa vitu kabatini kwa sababu kulikuwa na rafu moja imebaki.

Nyuma ya mfuko wa ngano kulikuwa na boksi la supu ya unga, la pakiti sita. Pakiti mbili hazimo. Mbele palichorwa kuku mnono mwenye kishungi chekundu, na juu ya kishungi kile pameketi nukta ya kijani.

Koleo akaligeuza boksi huku na huku. Tarehe hakuiona.

“Hiyo si yangu,” mjane alisema.

“Rangi ni yako.”

“Rangi ni yangu, mkono si wangu. Chupa hukaa hapo wazi, mtu yeyote angeichukua. Lakini mimi nukta naiweka nyuma, pale nilipomaliza kusoma. Huyu kaiweka kwenye picha. Mimi picha sizisomi, afande.”

Daftari nalo halikuwa na supu ile. Koleo akasoma nyuma ya boksi, polepole: wanga wa mahindi, chumvi, mafuta ya ng'ombe, sukari, viungo, nyama ya kuku iliyokaushwa asilimia mbili.

“Huandika kuanzia kilicho kingi,” mjane alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia kupita kiasi. “Ng'ombe wa tatu. Kuku mwenyewe wa mwisho.” Akaligusa kwa kalamu jina la duka kwenye kibandiko cha bei kilichokuwa chini ya boksi. “Na duka hili liko mtaani kwa wifi yangu. Huku kwetu halipo.”

Wakatazamana. Mjane akafunga daftari, akalisawazisha na ukingo wa meza.

“Afande, niachie dakika kumi na yeye, mlango ukiwa umefungwa.”

“Siwezi.”

“Tano.”

“Nitakupa kitu kizuri kuliko dakika,” Koleo alisema. “Nitakupa maneno yake mwenyewe. Njoo kituoni saa nane na nusu.”

*

Wifi alifika saa tisa kasorobo na mtoto, kama alivyoombwa. Mtoto aliachwa mapokezi na askari wa kike, akapewa karatasi achore. Wifi akaingia chumba cha mahojiano akiwa na uso wa mtu aliyekuja kupokea tuzo.

“Mmeshamkamata?”

“Bado kidogo,” Koleo alisema. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa chumba cha pili, umeegeshwa tu. “Nisaidie kukamilisha. Sasa nakuhoji rasmi, na kila neno naliandika. Ukitaka kunyamaza, nyamaza.”

“Ninyamaze nimeiba nini? Andika.”

“Ile supu ya Jumamosi uliweka nini?”

“Kuku, maji, chumvi, kitunguu.”

“Nyama?”

“Nyama sikumpa! Hata kipande. Niletee msahafu, niletee biblia, chochote, nakiapia.”

“Nakuamini. Marehemu alikuwa na tabia ya kuingia jikoni kukagua?”

Wifi akasonya. “Kama bwana afya! Mwanamume mzima kafundishwa kuomba ruhusa kwa nukta. Afande, wewe ni mtu mzima mwenzangu. Kupe amng'ate mtu, mtu aache nyama miaka miwili? Ndugu yangu kashika ng'ombe maisha yake yote, kupe wangapi wamemng'ata? Kupe ni yule mwanamke. Alimganda, akamkondesha, akamtoa kwenye meza za ndugu zake. Kwangu alikuwa haji kula. Kwangu mimi! Niliyemlea!”

Koleo alitoa mfuko wa plastiki wa vielelezo, akauweka mezani. Ndani yake mlikuwa na boksi, picha ya kuku ikitazama juu.

“Boksi hili unalijua?”

Wifi alilitazama muda mfupi tu. “La kwao hilo. Si lina nukta yao?”

“Nilitaka kujua kama ndani mna nyama.”

“Hamna. Mafuta ya ng'ombe ni mafuta, si nyama.”

Koleo aliandika jibu hilo lote, akaweka nukta mwishoni, ndipo akainua macho.

“Nani amekwambia ni ya ng'ombe?”

“Imeandikwa.”

“Imeandikwa nyuma. Mimi nimekuwekea mbele, na mbele kuna kuku.”

Badala ya kunywea, Wifi akapandisha mabega. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilipomwishia alichagua kujivuna.

“Haya. Nimelinunua mimi. Na nukta nimeweka mimi. Asingekula bila nukta, ningefanyaje? Nilisikia wakisema ng'ombe, ng'ombe. Nikatafuta chenye ng'ombe, nikamchanganyia kwenye kuku. Nilitaka kuwaonyesha! Na nimewaonyesha. Alikula bakuli mbili, afande. Bakuli mbili! Nikakaa naye namtazama saa nzima. Hakujikuna hata kidole. Akanisindikiza mpaka kwenye basi ananitania. Boksi nililiacha kusudi, ili Jumapili nije nimwambie yule mwanamke: huyu hapa mumeo, kala ng'ombe, hajafa.”

“Hajafa,” Koleo alirudia, akiandika.

“Kwa changu hajafa! Kafa kwa samaki wake. Masaa manne baadaye!”

“Manne na nusu.”

Koleo akafungua barua ya daktari. Aliisoma kwa sauti, bila haraka, na alipofika pale pa masaa matatu mpaka sita akaisoma mara mbili. Akasoma na pale daktari alipoandika kwamba samaki wa saa kumi hakuhusika, na kwamba kijiko kimoja kingetosha.

Mkono wa Wifi ulikuwa juu ya meza. Kidole cha kwanza kilikunjika, saa nane. Cha pili, saa tisa. Cha tatu, saa kumi. Cha nne, saa kumi na moja. Dole gumba likabaki limesimama peke yake.

Koleo aliona raha. Baadaye labda angeitafutia jina lenye adabu zaidi, lakini pale mezani ilikuwa raha. Alimkumbuka mjane aliyeinamia meza kwa ajili ya kopo la majarini, na raha ikazidi.

“Nilimbeba mgongoni,” Wifi alisema. Sauti ya kilio chake cha asubuhi ilikuwa imepotea. Hii ilikuwa nyingine, ndogo. “Mama alipofariki nilimbeba mgongoni mimi. Sikukusudia.”

“Nitaandika hivyo. Sikukusudia.”

“Mpigie baba mdogo aje. Awaite ndugu, tukae. Haya mambo ya nyumbani, afande, kuna haja gani ya mahakama? Tuyamalize.”

Koleo akatoa karatasi ya asubuhi, akaigeuza ili Wifi aisome vizuri. Mwanga ulipenya kwenye tundu lililotobolewa na kalamu.

“Sahihi hii ni yako?”

Wifi akaliziba tundu lile kwa kidole.

“*Sitaki suluhu,*” Koleo alisoma. “*Wasije ndugu hapa na habari za kuyamaliza nyumbani. Aliyemlisha mdogo wangu kilichomuua, awe nani, afungwe...*”

“Basi.”

“Nimebakiza mstari.”

“Basi, afande! Nifute. Nani wa kunifutia?”

“Mimi sifuti, na mwisho wa yote ni mahakama itakayoamua. Lakini ukitaka kuzungumza habari za suluhu, aliyekosewa yuko hapo.”

Mlango wa chumba cha pili ulifunguka. Mjane alikuwa amesikia kila kitu. Usoni mwake machozi yalikuwa yanateremka sasa, mengi, yale aliyoyaweka, naye hakuyafuta. Wifi alishuka kitini, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

“Wifi yangu, nisamehe. Mtoto nakurudishia leo hii. Mwambie afande neno moja tu, mwambie tuyamalize.”

Mjane akapita kando yake, akaichukua karatasi mezani. Aliisoma kama alivyosoma paketi zake, tangu juu mpaka chini, na yale maandishi madogo ya pembeni, kisha akaigeuza kutazama kama nyuma kuna kitu. Akarudi mbele. Kidole chake kikasimama chini ya sahihi ya pili.

“Hapa hukuweka tarehe, wifi,” alisema, akamsogezea kalamu.

Kisha akatoka kwenda mapokezi kumchukua mwanawe.